Nilivyowapanga wakwe kundi moja na wakamwana kundi jingine, utafiti wa safura ukafia mikononi mwangu

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa nikihesabu vizuri nadhani humu hamna. Waliobaki, marahaba kabla hamjanisalimia.

Mimi ni mzee wa miaka tisini na moja, naishi Chapwa hapa Tunduma kwa binti yangu. Simu nilinunuliwa ili nisikilize mahubiri. Nikapotea njia, nikatokea humu.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imeruka mnivumilie.

Ninayoyaleta ni kweli tupu. Mtu wa umri wangu hana tena wa kumpambia, na kama ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri kuliko hii.

Kilichonichokoza ni kijana mmoja aliyeweka uzi wa dawa ya majani. Watu kumi wamekunywa, wote wamepata nafuu, basi dawa imethibitishwa. Nikamuuliza, hao kumi walikuwaje kabla ya kunywa, na wenzao ambao hawakunywa wamekuwaje?

Akanijibu, "Mzee, kalale."

Sikulala. Nikaanza kuandika.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza bado yupo. Ileje haijawa wilaya. Itumba hii mnayoijua kwa ofisi na hiace zake ilikuwa migomba, mahindi na njia za miguu.

Mimi nilikuwa dresa.

Kwa vijana: dresa alikuwa mtu wa kufunga vidonda na kugawa kwinini kwenye zahanati ya udongo. Siyo daktari, siyo nesi, lakini ukimkuta mwenyewe ungedhani ndiye aliyegundua dawa zote.

Nilikuwa na darasa la sita, kaptula ya kaki, soksi ndefu mpaka gotini na kalamu ya wino mfuko wa kifuani. Kalamu ile ilikauka mwaka mzima kabla. Niliandika kwa penseli, na penseli niliificha mfuko wa nyuma.

Basi akaja daktari Mzungu kutoka bomani. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Watu wetu walimwita Bwana Tena, kwa sababu kila ukimpimia kitu alisema, "Pima tena."

Alikuja kwa ajili ya safura.

Watu wa bondeni, wanaolima kandokando ya mto Songwe, walikuwa wanaisha polepole. Viganja vyeupe, mtu akipanda kilima anakaa chini mara tatu, wengine wanalamba udongo wa ukutani. Ni minyoo. Inaingia kwa nyayo, inakaa tumboni, inanyonya damu.

Bwana Tena alikuwa na dawa mpya. Kidonge laini chenye maji ndani, ukimeza unafuatisha haluli ili tumbo lisafishike. Akaniambia serikali haitaleta masanduku mengi mpaka ijue kama dawa inafaa kwa watu wa huku. Ikifaa, bonde lote litapata. Isipofaa, yale machache aliyokuja nayo yatarudi bomani.

Akanifundisha kupima. Unachoma kidole, unadondoshea tone moja la damu kwenye karatasi ya kufyonza wino, unalinganisha na kitabu kidogo chenye wekundu wa ngazi ngazi, toka hafifu kabisa mpaka ulioiva. Kila ngazi ina namba yake. Unaandika.

Halafu akanieleza jambo ambalo nililiitikia kwa kichwa bila kulielewa.

"Sitaki kujua nani ana damu nyingi," alisema. "Nataka kujua damu ya hawa imepanda kiasi gani, na damu ya wale imepanda kiasi gani. Mavuno yatawapandisha wote. Kinachozidi hapo ndicho cha dawa."

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

"Kwa hiyo makundi mawili lazima yafanane mwanzoni. Maharage yachague, wewe usichague."

Alikuwa na kopo la maharage, nusu mekundu, nusu meupe. Mtu anaingiza mkono bila kutazama. Akitoa jekundu anapewa dawa leo. Akitoa jeupe anapimwa tu, anangoja mpaka baada ya mavuno, tukishapima mara ya pili, ndipo naye apewe.

"Ndiyo, bwana," nikasema tena.

Siku ya kwanza tulikusanya watu kwenye shule ya udongo ya kijiji alikoolewa dada yangu. Watu kama themanini hivi, wazee wa kiume na wanawake walioolewa pale. Bwana Tena alikaa asubuhi moja, akaona nachoma vidole vizuri, akaridhika, akarudi bomani. Kopo la maharage, daftari na masanduku ya dawa akaniachia mimi.

Kichwa kilivimba wakuu. Nilitembea kwenye ule uwanja kama mimi ndiye niliyemtuma yeye.

Tatizo likaanza kwenye kuvuta maharage.

Wa mikoa mingine labda hamjui. Kwetu, kati ya mkamwana na baba mkwe kuna adabu kali. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hataji jina lake. Akikutana naye njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Na baba mkwe siyo mmoja. Ndugu zake wote na wanaume wa rika lake wote ni baba mkwe vilevile.

Sasa hesabu mwenyewe. Kwenye kijiji, kila mwanamke aliyeolewa pale na kila mzee wa pale hawawezi kusimama foleni moja.

Maharage hayajui hilo. Mzee Kibona, baba mkwe wa dada yangu, akavuta jekundu, nikamwambia asimame upande wa ukuta. Mwanamke aliyemfuata naye akavuta jekundu. Nikamwambia naye asimame upande wa ukuta.

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

Akajifunika uso kwa kanga, akatoka. Wenzake wakamfuata. Baada ya muda mfupi wanawake wote walikuwa nyuma ya shule wamekaa, migongo wametugeuzia, na wazee ndani wanakohoa na kutazama paa.

Mzee Kibona akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "wewe umesoma, lakini mama yako alikuzaa huku huku. Unatutia aibu kwa ajili ya maharage?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusimamisha kazi. Ningeweza kumwandikia Bwana Tena. Ningeweza hata kumuuliza mwanamke mmoja tungefanyaje.

Lakini mimi nilikuwa dresa mwenye kalamu. Nikatumia akili yangu.

Nikarudisha maharage yote kwenye kopo. Nikasema wazee wote kundi la kwanza, wanawake wote kundi la pili. Na kwa kuwa mkubwa hutangulia, wazee wapate dawa leo. Wanawake wangoje mavuno.

Watu wakafurahi sana. Mzee Kibona aliniombea baraka kwa sauti. Mimi nikaandika kwenye daftari, wazee wote "jekundu", wanawake wote "jeupe", kana kwamba maharage yenyewe yalikuwa na adabu.

Ngoja niwape kituko kidogo hapa, maana mbele kuna uchungu.

Haluli niliwapa wazee wote kwa mara moja, ili nimalize mapema nikapumzike. Wenye kuijua haluli wameshaanza kucheka. Muda si mrefu wazee wa heshima, wenye makoti na fimbo, walikuwa wanaielekea migomba kwa mwendo ambao hawajautumia tangu ujana.

Na wanawake wako wapi? Kwenye migomba hiyohiyo, wameingia ili wasionane na wakwe zao.

Nilisikia kelele, kisha kimya kikubwa. Wanawake wakatokea upande wa pili wa kilima wakikimbia, wazee hawathubutu kwenda mbele wala kurudi. Mzee Kibona hakusema nami kwa wiki mbili. Baraka zake nadhani alizirudisha.

Turudi kwenye mambo ya maana.

Dada yangu anaitwa Sekela. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Wakati huo alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne, na shamba lake lilikuwa bondeni kabisa, kwenye tope.

Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilimchoma kidole mwenyewe, nikaona ngazi yake, nikaandika. Ilikuwa ya chini lakini wako waliokuwa chini zaidi.

"Zamu yetu lini?" aliniuliza.

"Baada ya mavuno, dada. Ndivyo hesabu inavyotaka."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinisikiliza kwa ile heshima anayopewa mtu aliyesoma, na mimi nilikuwa namwambia kitu nilichokipanga mwenyewe kwa kuogopa wazee.

Miezi mitatu ikapita. Mahindi yakaiva, maharage yakavunwa, watu wakanenepa kidogo. Bwana Tena akarudi, tukapima wote upya. Nilikuwa nimejifunza, wazee asubuhi, wanawake mchana.

Usiku ule sikuwapo, alikaa peke yake na daftari. Asubuhi yake akanionyesha.

Wazee waliopewa dawa, damu yao ilipanda kidogo tu.

Wanawake ambao hawakupewa chochote, damu yao ilipanda mara mbili ya ile ya wazee.

"Dawa haifai," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Wasiopewa wamepona kuliko waliopewa. Kesho napakia masanduku."

Nami, wakuu, mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ajabu ya Mungu. Sikuunganisha kabisa. Nilikuwa nimevaa miwani ya mbao.

Nikaenda kwa Sekela kumpa habari.

Nilimkuta amekaa mlangoni, mtoto mapajani. Kwenye daftari langu mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba yeye ameshuka. Kundi lake lilipanda, yeye alishuka ngazi nzima. Lakini Bwana Tena alikuwa akitazama wastani, na mimi nilikuwa namtazama Bwana Tena.

"Dawa inarudi bomani," nikamwambia. "Imeonekana haifanyi kazi."

Akamhamishia mtoto paja la pili.

"Babu yao sasa anapanda mpaka shamba la juu," akasema. Babu yao ni Mzee Kibona, jina hawezi kulitaja. "Mwezi wa pili alikuwa hafiki kisimani. Amemeza dawa yenu. Mnasema haifanyi kazi?"

"Yeye ni mmoja, dada. Tunatazama kundi."

"Kundi lenyewe ni lipi?" akauliza. "Wazee wale wengi hawakuwa wagonjwa. Wanakaa nyumbani, hawakanyagi tope, nyama wanaanza wao. Damu yao ingepanda iende wapi? Na sisi, mlipotupima mara ya kwanza nusu yetu tulikuwa na mimba na chakula kimeisha ghalani. Sasa wamejifungua, wanakula. Wangeacha kupanda? Mmetulinganishaje?"

Darasa hakuingia hata siku moja.

Nilisimama pale soksi zangu zimevutwa mpaka gotini, nikajiona mjinga kuliko mbuzi wake. Kila alichosema nilikuwa nakijua. Nilikuwa nawachoma vidole wale wanawake, matumbo yao nayaona. Bwana Tena alinieleza kwa maneno matatu, makundi yafanane mwanzoni, na mimi nikajibu "ndiyo, bwana".

"Mdogo wangu," Sekela akasema, "mimi sitamaliza mwaka hivi."

Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikaondoka bila kuaga.

Sasa nitakiri jambo. Sikwenda moja kwa moja kwa daktari. Nilizunguka. Nilijua nikisema, kazi imekwisha. Nilikuwa nimeandika uongo kwenye daftari la serikali. Kijijini kwetu mama alishamtangazia kila mtu kwamba mwanawe ni dresa, na kulikuwa na binti mmoja ambaye baba yake alinikubali kwa sababu ya soksi zile tu, nadhani.

Jioni nikapita mbele ya nyumba ya Bwana Tena mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana, nikaenda zangu.

Asubuhi wapagazi walishafunga masanduku kamba. Mficha uchi hazai. Nikamwendea, nikavua kofia, nikamweleza yote. Maharage, foleni, kanga, wazee, daftari.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wote?" akauliza.

"Wote, bwana. Wazee wote kundi hili, wanawake wote kundi lile. Hakuna harage lililovutwa."

Akakaa juu ya sanduku la dawa. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina, ukurasa wa kwanza, wa pili. Majina ya wanaume matupu upande mmoja, ya wanawake matupu upande wa pili.

"Nimekesha na daftari hili," akasema taratibu. "Nilisoma namba. Majina sikuyasoma."

Msidhani hilo lilinipunguzia. Alinitazama, akanyoosha mkono, akataka kalamu yangu. Nikampa. Akajaribu kuandika, haikuandika. Akanirudishia, na lile lilinichapa kuliko kiboko.

Kisha akawaambia wapagazi wafungue kamba.

"Tunaanza upya. Kopo lipo. Lakini foleni itakuwaje?"

Akili yangu nilishaitumia mara moja na mmeona matokeo.

Nikamwambia dada yangu ana neno, kwa kuwa ndiye aliyeniamsha. Tukaenda kwake. Sekela hakuelewa kwa nini watu wazima wawili wanahangaika.

"Kisimani tunachota wote," akasema. "Asubuhi yao, jua likipanda yetu. Hatujawahi kugongana. Wapeni wazee siku yao na kopo lao, nasi siku yetu na kopo letu. Nusu ya wazee wameze, nusu wangoje. Nusu yetu tumeze, nusu tungoje. Kwani mliambiwa lazima iwe siku moja?"

Bwana Tena akafungua daftari, akaandika.

Mzee kwa mzee, mama kwa mama. Wakuu, vijana wenu wa chuo leo wanafundishwa hili kwa majina makubwa. Mimi nilifundishwa na mtu anayemenya ndizi.

Basi siku ya wanawake ikafika. Mimi nimeshushwa cheo. Kazi yangu ni kuchemsha sindano na kushika kopo. Kusoma rangi na kuandika anafanya daktari mwenyewe.

Sekela akaingiza mkono.

Akatoa jeupe.

Kungoja. Miezi mitatu mingine.

Nilikuwa nimeshika kopo. Kubadilisha harage moja ilikuwa kazi ya sekunde, na Bwana Tena alikuwa anachonga penseli. Vidole vyangu viliwasha. Sekela akaniona. Akafumba kiganja chake juu ya lile harage, akaenda nalo mezani mwenyewe, akaliweka mbele ya daktari.

Lakini safari hii Bwana Tena alikuwa ameongeza kanuni moja. Yeyote ambaye damu yake iko chini ya ngazi fulani hangoji mtu. Anapewa dawa leo, na jina lake linafutwa kwenye hesabu, kwa sababu huwezi kumwacha mtu afe ili hesabu iwe safi.

Kwa hiyo nikajikuta naomba Mungu damu ya dada yangu iwe mbaya. Sijawahi kuomba sala ya hovyo kama ile. Ikiwa nzuri kidogo tu, anangoja.

Akachomwa. Tone likadondoka. Bwana Tena akaiweka karatasi kwenye kitabu, akaipeleka dirishani. Akakunja uso.

Ilikuwa mpakani. Nami niliiona. Ukiitazama hivi iko juu, ukiitazama hivi iko chini.

"Pima tena," akasema, akijiambia mwenyewe.

Akamchoma kidole cha pili. Mtoto analia mgongoni, wanawake wamesogea karibu. Tone la pili likaenea kwenye karatasi, likapauka. Akalitazama. Akalisubiri likauke. Akalitazama tena.

Akachukua penseli, akapiga mstari juu ya jina lake.

Nikaketi chini palepale na kopo langu.

Sekela akauliza, "Umenifanyaje?"

"Nimekufuta, mama," daktari akamwambia. "Utapata dawa sasa hivi."

"Umenifuta?" Hakufurahi hata kidogo. "Nimetoka bondeni kwa miguu. Neno la siku mbili nimelisema mimi. Harage nimelivuta kwa haki. Halafu mimi sihesabiwi?"

Bwana Tena akamweleza kwamba akihesabiwa ataivuruga hesabu. Akajibu kwamba aliyeivuruga hesabu amekaa pale chini na kopo. Wanawake wote wakanitazama.

Akameza dawa akiwa amenuna. Haluli akainywa amenuna.

Kabla ya mwaka kwisha nilimwona anapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, anaimba. Hakukaa chini hata mara moja. Nilijificha kwenye migomba nikalia, mimi ambaye sikuwa mkamwana wa mtu.

Hesabu ya pili ilitoka vizuri. Wazee waliomeza tena walipanda kuliko wazee waliongoja, na wanawake vilevile, tena zaidi, maana wao ndio kwanza wameionja. Masanduku yakaja, bonde likapata dawa. Mimi sikufukuzwa, ila kalamu nyingine sikununua mpaka nilipooa. Na yule binti, kumbe hata soksi hakuzipenda.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikuambia kundi hili limepanda kuliko lile, usipige makofi. Muulize walianzia wapi, nani aliwagawa, na aliyewagawa alikuwa anamwogopa nani. Na wastani ukikuambia watu wamepona, nenda kamtazame mmoja mmoja mlangoni kwake.

Bado nina moja linalonikaa rohoni.

Sekela aliishi sana. Alizika mume, akapata wakamwana wa kwake, akawaona wajukuu wa wajukuu. Miaka yote hiyo, kila nikienda kumwona, alikuwa na swali lilelile. Lile daftari la Mzungu, lililokwenda Ulaya, yeye yumo?

Kila mara nilimjibu kwa mzaha.

Mara ya mwisho hakuwa na nguvu ya mzaha. Alikuwa kitandani, viganja vimekuwa vyeupe tena, safari hii kwa uzee tu. Akanishika mkono, akauliza.

Nikamwambia, "Umo, dada. Wewe ndiye namba moja."

Akatabasamu, akalala. Hakuamka.

Hayumo. Kila mtu aliyemeza dawa ile bondeni aliimeza kwa sababu yake, na kwenye ile karatasi kuna mstari tu mahali pa jina lake. Nilipika namba ujanani kwa kuogopa wazee, nikaja kupika nyingine uzeeni kwa kumpenda yeye.

Ile ya kwanza najua ilikuwa kosa. Hii ya pili, wakuu, semeni ninyi. Wa research mje na hoja zenu, wenye dada mje na zenu. Nisemeni tu, ngozi yangu imekomaa.